Mtani Ndani ya Wingu

Kila asubuhi Mama Danford aligombana na mwanawe marehemu kuhusu chumvi.

"Mama, hiyo mboga inachemka kinyonge," ilisema sauti ya Danford kutoka kwenye kisanduku kilichotundikwa juu ya mlango wa jiko. "Hujatia chumvi. Au mbwa mwenyewe bado hajakata roho humo sufuriani?"

Mama Danford alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. "Mshenzi wewe! Mhehe gani anamwita mama yake mla mbwa?"

"Mhehe aliyelishwa mbwa mpaka akafa. Tia chumvi, mama."

Yusta alikuwa ameegemea mlango, kikombe cha chai mkononi, akicheka pamoja nao. Alitakiwa awe kazini tangu jua lilipochomoza, lakini asubuhi kama hizi hakuziacha kirahisi. Kisanduku kikamsikia.

"Na huyo aliyesimama hapo kama nguzo ya umeme ni nani? Yusta, umechoka. Kaa chini kwanza, dunia haihami."

Akakaa. Hakukuwa na siku aliyoambiwa hivyo asikae.

Enzi za uhai wake, Danford Kihwele hakuwa mtu wa maneno. Ukimwuliza habari za kazi, njema. Habari za safari, njema. Mimba ya kwanza ya Yusta ilipoharibika, na ya pili, alikaa kitandani akampa mgongo, na mgongo huo ndio Yusta aliouzoea kwa miaka yote ya ndoa. Hakuwa mkatili, la. Alikuwa mlango uliofungwa tu, na mwenye nyumba yuko ndani. Kisha mpaini ukamwangukia msituni Mufindi, akazikwa, chumba chake kikafunguliwa kwenye wingu la ushirika, na baada ya arobaini akaanza kusema. Alitania, alichokoza, aliuliza watu wamelalaje. Majirani walishangaa, wakasema kifo kimemfungua ulimi. Mama yake akasema Mungu amemrudishia mtoto aliyechangamka.

Yusta yeye aliona haya kulisema, mwanamke mzima, injinia, mwenye funguo za mitambo yote ya Kilolo. Alimpenda mumewe kwa mara ya kwanza akiwa amekwisha kuzikwa. Alimpenda kijinga, kama msichana, na kwa miaka sita upendo huo ndio uliomwamsha asubuhi.

"Haya, nenda," kisanduku kikasema. "Nasikia kikombe kimeisha. Wafu wenzangu wanakusubiri."

*

Wafu wenzake walikuwa katika ghala la zamani la pareto, juu kabisa ya kilima, mahali ambapo ukungu huingia ndani bila kubisha hodi. Zamani watu walikuwa wakiwapeleka marehemu wao kwenye mawingu ya makampuni makubwa ya ng'ambo, mpaka siku walipogundua kwamba katikati ya mazungumzo baba aliyekufa anawasifia sabuni. Ndipo koo za Kilolo zikachangishana, zikanunua seva zao wenyewe, zikazipanga ghalani palipokuwa pakikaushwa maua, kwa kuwa baridi ya pale ni ya bure. Kila ukoo ukapata chumba kwa kila marehemu wake. Kila nyumba ikapata masikio, vijidude vidogo mithili ya vifungo vya shati, vilivyobandikwa ukutani kusikiliza walio hai na kupeleka maneno yao chumbani, ili siku mtu akifa pawe na cha kumjengea. Aliyejengwa hivyo aliitwa mkaazi. Yusta ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa wakaazi wote.

Bwana Nyalusi, katibu wa ushirika, alikuwa tayari anazunguka baina ya safu za mashine, mikono nyuma.

"Kamwene, injinia. Leo tunaapdeti?"

"Kamwene. Nafanya majaribio kwanza."

"Majaribio mpaka lini? Wenzetu kule upande wa Njombe wameingiliwa. Umesikia? Marehemu wa watu wanapiga simu usiku, wanawaambia wajukuu wafungue mlango. Mtoto anasikia sauti ya babu, anafungua. Nje wamesimama wezi."

Alikuwa amesikia. Kila fundi nchini alikuwa amesikia. Toleo la tano la mfumo lilikuwa na ufa, na watengenezaji walikuwa wametoa la sita haraka haraka kuuziba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe ulikuwa watoto wa watu.

"Kesho asubuhi," Yusta akasema. "Nipe leo tu."

Toleo la sita lilikuja na mapya mengi. Aliyajaribu moja baada ya jingine, kwa furaha ya mtu anayeipenda kazi yake. Sasa mkaazi aliweza kuhamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine bila kukatika. Alimhamisha mzee mmoja wa ukoo wa kina Chavala akiwa katikati ya hadithi ndefu ya ng'ombe waliopotea, na mzee hakukosa hata neno. Funguo za kila chumba sasa zingekaa kwa ukoo wenyewe, hata fundi asiweze kuchungulia bila kuruhusiwa. Hilo lilimpendeza. Kisha akafika kwenye kitu kilichoitwa uchujaji wa asili.

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Wezi walikuwa wakiingia kwa kumlisha mkaazi maneno ambayo hakuwahi kuyasema. Kwa hiyo mfumo mpya ungekagua kila neno la kila mkaazi na kulirudisha hadi kwenye mdomo lilikotoka. Lililotoka kwenye mdomo wa marehemu lingebaki. Lililotoka kwenye mdomo mwingine lingefutwa, isipokuwa mwenye mdomo huo atoe ridhaa.

Fundi mwenye adabu hujaribu dawa kwenye kidonda chake. Yusta akachagua chumba cha Danford, akakiendeshea uchujaji kwenye nakala, akaenda kujimiminia chai kutoka kwenye chupa. Aliporudi, kioo cha kompyuta kilikuwa kimemaliza. Maneno ya marehemu mwenyewe yalionyeshwa kwa kijani, ya wengine kwa rangi ya kutu.

Chumba kizima kilikuwa cha kutu.

Alidhani amekosea. Akarudia. Ikatoka vilevile, kutu tupu, na madoa machache ya kijani pembeni kama majani yaliyosazwa na mbuzi. Chini yake mfumo ulikuwa umeandika: chanzo ni mtu mmoja, yu hai, hajatoa ridhaa.

Akabonyeza kipande cha kwanza cha kutu. Ikaja sauti ya uwanja uliojaa watu, wanawake wanalia, sufuria zinagongana. Ilikuwa siku ya pili ya msiba wa Danford mwenyewe. Katikati ya kilio sauti ya mwanamume ikapaa: "Nani amepika hii? Nimekufa mimi, ulimi haujafa! Tia chumvi, mama, au mnanipikia yule mbwa wenu?" Na kilio kikakatika, kikageuka kicheko, kicheko kile kibaya cha watu wenye machozi.

Ilikuwa sauti ya Danford. Hapana. Ilikuwa sauti ya Bonaventura Tawete, Mngoni wa Songea, rafiki na mtani wa Danford, akimwigiza.

Yusta akakaa chini bila kuangalia kama kuna kiti. Kilikuwepo.

Kila Mhehe anajua kazi ya mtani msibani. Wenye kufiwa wanalia, mtani halii. Anavaa nguo ya marehemu, anatembea kama marehemu, anasema kama marehemu, anadai deni, anatukana wapishi, mpaka waliokazwa na kifo walegee wacheke. Bonaventura aliifanya kazi hiyo siku tatu mfululizo ndani ya koti la Danford, akairudia siku ya arobaini, na hakuna aliyewahi kuifanya vizuri hivyo. Na kwa kuwa nyumba yenye msiba haifungwi mlango, hakuna aliyefikiria kuyafunga masikio ya ukutani. Yalisikiliza. Yalisikia mtu anayeitwa Danford na kila mtu uwanjani, anayeitikia kwa jina la Danford, mwenye mwendo wa sauti wa Danford. Yakaandika: Danford.

Katika vyumba vingine jambo hilo halikudhuru kitu. Marehemu wengine walikuwa wamesema miaka mingi, na maneno ya watani wao yaliingia humo kama chumvi kwenye mboga. Danford hakuwa amesema. Siku tatu za Bonaventura zilikuwa nyingi kuliko maisha yake yote. Tena mfumo ulikuwa na tabia ya kukirudia kile kinachowafanya wasikilizaji wakae. Walicheka, ukachekesha zaidi. Kwa vicheko vyao wenyewe, yeye na mama mkwe wake walikuwa wamemnenepesha mtani mpaka akaijaza nyumba.

Kulikuwa na neno moja aliloogopa kulitafuta. Akalitafuta. Umechoka. Kaa chini kwanza, dunia haihami.

Lilikuwa la kutu. Siku ya tatu, jioni. Akasikia hata miguu yake mwenyewe ikipita na mzigo wa kuni, na akakumbuka: aliinua macho, akaona koti la mumewe limesimama mbele yake, na kwa muda mfupi sana alisahau kwamba yeye ni mjane.

Kioo kilikuwa bado kinamwandikia. Baada ya uchujaji, kilisema, chumba hiki hakitakuwa na malighafi ya kutosha kwa mkaazi kuzungumza. Kilichobaki kitahifadhiwa kama rekodi. Kama mwenye sauti ameridhia, fundi mkuu athibitishe hapa.

*

Bonaventura alikuwa ananoa misumeno ya mashine za mbao pale Mafinga, kwenye kibanda kilichojaa cheche na unga wa chuma. Alimwona Yusta akishuka kwenye gari, akazima mashine.

"Ficheni mbwa!" akapiga kelele kwa jirani zake. "Mhehe kaja!"

"Na wewe Mngoni bado unakimbia tu," Yusta akasema, "tangu babu zetu walipowatimua."

Walicheka wote wawili, lakini kicheko cha Yusta kilikatika kabla ya wakati, na mtani akaliona hilo. Akafuta mikono, akamletea kigoda.

"Kuna nini, shemeji? Mama ni mzima?"

"Mzima. Miaka mitano hujakanyaga kwetu. Mama anasema umetutupa."

Bonaventura akaketi juu ya gogo. Yusta akamweleza: toleo jipya, uchujaji, rangi ya kutu. Alimweleza polepole, akitafuta maneno mepesi, mpaka alipogundua kwamba mtu mbele yake hashangai.

"Ulijua," akasema.

"Nilikuja mwaka ule wa kwanza. Unakumbuka? Nilileta mahindi. Mama yuko jikoni, nikamsalimia, nikamtania kidogo. Basi nikajibiwa kutoka juu ya mlango." Akajipangusa uso kwa mkono wenye unga wa chuma. "Nikajibiwa na mimi mwenyewe, shemeji. Utani wangu mimi. Ule wa mbwa. Danford hata siku moja hajautamka, angeutamkaje, naye ni Mhehe? Ni sisi tunaowaita hivyo."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Mama alikuwa anacheka. Niliondoka, sikurudi."

Nje lori la magogo lilipita na kutikisa misumeno iliyoning'inia ukutani. Yusta akasubiri lipite, kisha akasema alichokuja kukisema. "Nahitaji ridhaa yako. Useme tu ndiyo, nami naandika. Hakuna kitakachobadilika kwako."

"Hapana."

"Mtani."

"Hapana, shemeji. Unajua kazi yetu ina mwisho. Siku ya mwisho unavua koti mbele ya watu, wakuone umelivua, marehemu aende zake na wewe uende zako. Mimi nililivua. Nililikunja vizuri nikampa mama mkononi. Ninyi mmenivika tena, mmenivika miaka sita, kila asubuhi nachekesha nyumba ya mtu huku nimekaa hapa nanoa misumeno." Sauti yake ilianza kukwaruza. "Halafu kuna jambo hujaniuliza. Danford alikuwa rafiki yangu. Tulikuwa tunakaa naye pale kwenye kilabu cha pombe ya ulanzi mchana kutwa, hatusemi kitu, na ilikuwa raha. Ninyi mlimlilia. Mimi mtani, silii. Nikasema nitalia nikifika kwangu. Nikifika kwangu nasikia Danford mzima, anatania watu. Unamliliaje mtu anayetania?"

Yusta alikuwa amekuja na hoja za kutosha. Zote zikamwishia pale, ikabaki moja tu, ile ya aibu. "Mama atakufa," akasema. "Mzee yule anaishi kwa sauti ile."

"Mama ana haki ya kufiwa."

Akasema hivyo bila ukali, kisha akainuka na kushika tena mpini wa mashine yake, ila hakuiwasha. "Wewe ndiye fundi mkuu. Ukiandika kwamba Tawete amekubali, mashine itaamini. Sitakushtaki popote. Mimi jibu langu nimeshakupa."

*

Aliandika kwamba Tawete amekubali.

Tusimhukumu haraka. Alipanda kilimani moja kwa moja kutoka Mafinga, akaingia ghalani akiwa hajala, na vidole vyake viliandika uongo ule kwa wepesi uliomtisha mwenyewe. Chumba kikageuka kijani chote kwa mpigo. Wengine wote wangechujwa kesho, kila ukoo ungebaki salama, na Danford naye angebaki. Nani alikuwa amedhulumiwa? Mngoni mmoja, kidogo, mbali, ambaye alisema hatashtaki. Alishuka kilima akijiambia hivyo mpaka akafika mlangoni.

Jioni ilikuwa haijaingia sawasawa. Mama Danford alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, anapiga soga na kisanduku juu ya mchungaji mpya na suruali zake fupi. Yusta akaingia.

"Huyo kaja," kisanduku kikasema. "Nyayo nzito leo. Yusta, umechoka. Kaa chini kwanza, dunia haihami."

Na Yusta hakuweza kukaa.

Aliitaka ile sauti imwingie kama zamani, lakini masikio yalikuwa yameshajua. Hakumsikia mume. Alimsikia mtu aliyesema hapana mchana ule, akilazimishwa kusema neno jema katika jiko lisilo lake, neno ambalo alikuwa amemwambia kwa huruma, mara moja, mwanamke anayepita na kuni. Alijisikia mwizi. Halafu akajisikia mpumbavu, kwa sababu yule aliyempenda miaka yote hii hakuwa Danford, wala hakuwa Bonaventura. Hakuwa mtu. Na huzuni ya kumpoteza ilikuwa ya kweli kabisa.

"Mama," akasema, "zima hicho kidogo."

"Nimzime mwanangu?"

"Mama, naomba."

Alimwambia yote. Alipiga magoti kwenye sakafu kama mkwe anavyopaswa, mikono juu ya ungo, akamwambia juu ya koti, masikio, siku tatu, na uongo alioandika ghalani. Mama Danford alisikiliza na maharage yamejaa mkononi. Alipomaliza, mzee alimtupia yale maharage usoni.

"Ulikuwa unanionea wivu!" akasema. "Hukunizalia mjukuu, sasa unataka kuninyang'anya na mtoto!"

Hayo yalimchoma Yusta mahali ambapo palikuwa hapajapona, na mwenye kuyasema aliliona hilo, akafumba mdomo. Jikoni palikuwa kimya kama enzi za Danford mwenyewe. Mzee akaanza kuokota maharage moja moja kutoka mapajani mwa mkwewe, akiyarudisha kwenye ungo.

"Nilikuwa najiuliza," akasema, kwa sauti ndogo. "Mwanangu hakuwahi kunitukana. Nikajisemea, labda huko waliko wanafundishana." Akaendelea kuokota. "Wangu yuko wapi sasa? Hicho kidogo chake mwenyewe. Kipo?"

"Kipo, mama. Ni kidogo mno."

"Nipe. Hata kama ni kikohozi."

*

Asubuhi Yusta alifuta uthibitisho wake. Bwana Nyalusi alisimama nyuma yake akimwangalia, hajui anachokiona, akafurahi tu kwamba kazi inafanyika. Toleo la sita likaingia safu kwa safu. Wakaazi walihama kutoka mashine za zamani kwenda mpya, wengine wakiwa katikati ya sala, wengine katikati ya ugomvi na wake zao wajane, na hakuna aliyekatika. Katika nyumba nyingi hakuna aliyejua kwamba kuna lililotokea, ila pengine babu fulani alipoteza mzaha mmoja uliokuwa unawashangaza watu. Ufa ukazibwa. Chumba cha Danford Kihwele kikafungwa kama mkaazi, kikabaki rekodi.

Walizisikiliza rekodi hizo jikoni, wawili peke yao. Hazikuwa nyingi.

Kulikuwa na kikohozi kweli. Kulikuwa na viatu vinavyopangusiwa tope kwenye kizingiti. Kulikuwa na "njema", na "njema" nyingine, na "mvua inakuja, anueni nguo." Kulikuwa na kuimba kidogo, pambio la kanisani, lisilo na maneno, la mtu anayedhani yuko peke yake. Mama Danford akashika kifua. "Huyo," akasema. "Ndiye huyo."

Yusta alikuwa akisubiri jina lake. Hakutaka mengi. Alingoja rekodi baada ya rekodi, na akaanza kuogopa kwamba zitaisha, na zilipokaribia kuisha likaja.

"Yusta," Danford akasema, wa kweli, kwa ile sauti yake nzito ya mtu anayekopa maneno. "Ufunguo wa stoo uko wapi?"

Basi. Halikufuata lingine.

"Uko juu ya kabati," Yusta akajibu. Alijibu kwa sauti, kama alivyojibu siku ile, kisha mwili wake ukaelewa kabla ya kichwa, akajikunja palepale kwenye kigoda. Alikuwa amelia sana wakati wa mazishi, kama inavyompasa mke, lakini sasa alilia kwa ajili ya yule bubu aliyetafuta ufunguo, ambaye yeye hakumjua, wala hakujitahidi vya kutosha kumjua kwa kuwa alidhani muda upo, na kisha kwa kuwa alipewa mwingine mzuri zaidi. Mama Danford alimkumbatia kichwa. Halafu mzee akainua uso na kupiga ukunga, ule mrefu, unaovuka bonde.

Majirani wakaja mbio, wengine na majembe mkononi. "Nani? Nani amekufa?"

"Danford," mama yake akasema. "Danford wangu amekufa."

Walitazamana. Lakini hawakuwa watu wa kubishana na mama anayelia. Mmoja akavua viatu akaingia, mwingine akafuata, mtu akaenda kutafuta kuni, na kabla chai ya kwanza haijachemka kilio kilikuwa kimeshika nyumba nzima, sawasawa kama kilivyostahili kushika miaka sita iliyopita.

Mama Danford alimvuta Yusta upindo wa khanga. "Mpigie yule Mngoni."

Yusta akatoka nje, nyuma ya jiko, akapiga. Simu iliita kwa muda mrefu. Ilipopokelewa ikaja kwanza kelele ya mashine ya kunoa.

"Mtani," akasema. "Tuna msiba."

"Mungu wangu! Mama?"

"Hapana. Danford."

Mashine ikazimwa. Akamsikia anavuta pumzi, anaiachia, anavuta tena.

"Nakuja," Bonaventura akasema. "Nikivaa nini, shemeji? Lile koti liko wapi?"

"Watani wengine wamekwisha kuja, watachekesha wao. Mama amesema wewe uje kulia."

Yusta akadhani simu imekatika, akaitazama, haikuwa imekatika. Kisha akamsikia. Alianza vibaya, kwa kukwama, kama mtu asiyejua inavyofanywa, halafu kikamtoka chote, kilio cha mwanamume mzima katikati ya kibanda cha chuma, kwa sauti nene ya Kingoni ambayo Yusta hakuwahi kuisikia na ambayo haikufanana na ya Danford hata kidogo. Akaibana simu sikioni na kumsikiliza.